Ndama huzaliwa hajamaliza kuumbwa: mimba, dang'a na tumbo la kucheua

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, Njombe au Mufindi huhesabu siku za mimba kwa makini, kisha ndama akishasimama na kushika chuchu ya mama yake, hesabu huishia hapo. Kwa macho ya biolojia, hesabu hiyo inakatishwa mapema mno. Ndama anazaliwa na moyo, mapafu na miguu inayofanya kazi tangu saa ya kwanza, lakini vitu viwili vitakavyoamua kama ataishi na kama atakuja kuwa mkamuliwa mzuri, yaani kinga ya mwili na tumbo la kucheua, vinakuwa bado havijakamilika. Maswali mengi yanayotufikia sisi wataalamu wa mifugo hapa Uyole, mkoani Mbeya, kuhusu ndama wanaohara, waliodumaa au wenye matumbo makubwa yasiyo na nyama, yanapata majibu katika sehemu hiyo ya uumbaji inayomalizikia bandani.

Tuanzie kwenye yai. Ng'ombe jike aliyekomaa huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 kwa wastani, na kati ya siku 18 na 24 bado ni kawaida. Joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 tu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wakati ng'ombe anasimama tuli na kukubali kupandwa na wenzake, yai bado liko kwenye ovari. Hutoka saa 10 hadi 12 baada ya dalili hizo kwisha, na likishatoka huishi kwa saa chache. Mbegu za dume nazo haziwezi kulirutubisha yai mara tu zinapoingia, kwa sababu huhitaji kwanza kukaa saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ili ziive. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya wahimilishaji, yaani wataalamu wanaopandikiza mbegu za dume kwa mkono, kwamba ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Kanuni hii ni muhimu zaidi kwa anayetumia mbegu za chupa, kama zile zinazotoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, kwa kuwa mbegu zilizogandishwa katika naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha zikayeyushwa, hazidumu muda mrefu kama zile zinazotoka moja kwa moja kwa dume.

Ugumu katika nyanda zetu ni kwamba kaya nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili wanaofungiwa bandani mwaka mzima. Ng'ombe aliye peke yake hana wa kumpanda wala wa kupandwa naye, kwa hiyo ile dalili kuu haionekani. Mfugaji wa namna hii hana budi kuangalia ute mwangavu unaovutika kutoka ukeni, kulia kusiko kwa kawaida, kutotulia na kupungua kwa maziwa siku hiyo, na afanye hivyo alfajiri na jioni, si saa ya kukamua tu.

Urutubishaji hufanyika katika mrija wa falopio, si katika mfuko wa uzazi. Zigoti, yaani yai lililorutubishwa, huanza kugawanyika ikiwa bado safarini, na siku ya 4 au ya 5 hushuka katika mfuko wa uzazi ikiwa na seli kati ya 8 na 16. Ifikapo siku ya 7 au ya 8 huitwa blastosisti, na seli zake zimekwisha kugawana kazi: fungu dogo la ndani litakuwa ndama, na tabaka la nje litashiriki kutengeneza kondo la nyuma. Siku chache baadaye kiinitete, yaani mimba hiyo changa, hupasua ganda linalokizunguka, kisha katika wiki ya tatu hufanya jambo la ajabu kidogo, kwani hurefuka kutoka milimita chache hadi kupita sentimita 10 ndani ya siku zisizofika wiki moja, ingawa wakati huo hakijashikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi.

Urefu huo una kazi. Kati ya siku ya 15 na ya 17, kiinitete hutoa protini iitwayo interferoni tau, ambayo huenea juu ya ukuta wa mfuko wa uzazi na kuuzuia kutoa homoni ya prostaglandini. Kama prostaglandini ingetoka, ingeharibu kile kiwiliwili cha njano kilichobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na pamoja nacho ingepotea projesteroni, homoni inayoilinda mimba. Kwa maneno mengine, mwili wa ng'ombe haujui kuwa una mimba mpaka kiinitete chenyewe kiutaarifu, na kiinitete kilicho dhaifu au kilichochelewa kukua hushindwa kutoa taarifa kwa wakati.

Mfugaji anayeandika tarehe anaweza kuusoma mchezo huu bila kifaa chochote. Ng'ombe akirudi kwenye joto siku ya 21 baada ya kupandishwa, ama yai halikurutubishwa, ama kiinitete kilikufa kabla ya kutoa taarifa yake. Akirudi baada ya siku 30 au 35, inaelekea kiinitete kilitoa taarifa, mimba ikashika, kisha ikaharibika, na hapo inafaa kumwita daktari wa mifugo achunguze maambukizi na lishe kabla ya kumlaumu mhimilishaji. Naona kuwa daftari la kawaida la tarehe lina thamani kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la kuongeza uzazi.

Seli za kiinitete hujipanga katika matabaka matatu. La nje huzaa ngozi na mfumo wa neva, la kati huzaa misuli, mifupa, damu na moyo, na la ndani huzaa utando wa njia ya chakula na wa mapafu. Moyo huanza kupiga katika wiki ya nne. Tumbo nalo huanza likiwa uvimbe mmoja tu kwenye mrija wa chakula, na kabla mwezi wa tatu haujaanza vyumba vinne vinakuwa vimekwisha kujitenga: rumeni (chumba cha kuchachushia majani), retikulamu, omasamu na abomasamu (chumba cha kumeng'enyea maziwa). Mwanzoni rumeni ndiyo kubwa, kama ilivyo kwa ng'ombe mzima, lakini kadiri mimba inavyoendelea abomasamu huipita kwa ukuaji, hata siku ya kuzaliwa huwa imechukua zaidi ya nusu ya tumbo lote. Mwili unajiandaa kwa maziwa kwanza, majani yatasubiri.

Mimba huchukua siku 280 hivi kwa Friesian na Jersey, na siku chache zaidi kwa ng'ombe wa asili. Sehemu kubwa ya uzito wa ndama huongezeka katika theluthi ya mwisho, ndiyo maana tunasisitiza ng'ombe akaushwe maziwa siku 60 kabla ya kuzaa na asilishwe mabua matupu. Kuhusu mapacha, itoshe kusema kwamba jike aliyezaliwa pamoja na dume karibu kila mara huwa tasa, kwa sababu damu zao huchanganyika kupitia makondo yaliyoungana na homoni za dume huvuruga uumbaji wa viungo vya uzazi vya dada yake. Mtamba wa namna hiyo asinunuliwe kwa ajili ya kuzalisha.

Kondo la nyuma la ng'ombe lina tofauti moja kubwa na la binadamu. Limeshikamana na mfuko wa uzazi kwa vifundo vingi, kwa kawaida kati ya 75 na 120, na matabaka yanayotenganisha damu ya mama na ya mtoto ni mazito kiasi kwamba kingamwili hazipiti. Mtoto wa binadamu huzaliwa na kingamwili za mama yake zikiwa tayari kwenye damu, ilhali ndama huzaliwa karibu hana kabisa. Zote zimewekwa katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Utumbo mwembamba wa ndama mchanga una uwezo wa muda wa kuzipitisha protini hizo kubwa zikiwa nzima hadi kwenye damu, lakini uwezo huo hupungua saa baada ya saa na baada ya saa 24 hivi mlango unakuwa umefungwa. Kwa hiyo ndama wa kilo 40 apate lita 3 hadi 4 za dang'a ndani ya saa 12 za mwanzo, na mnywesho wa kwanza usipite saa 2 tangu azaliwe. Dang'a iliyochemshwa ni tamu, sina ubishi, ila moto huziharibu kingamwili, na ya jikoni iwe ile inayobaki baada ya ndama kushiba.

Baada ya dang'a huja maziwa, na hapa tumbo hufanya kazi kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Ndama anaponyonya, mikunjo miwili ya misuli inayoanzia kwenye umio hukutana na kufanya mfereji unaoyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye abomasamu, bila kugusa rumeni. Huko kimeng'enya cha renini huyagandisha ili protini imeng'enywe polepole. Mfereji hufunga vizuri ndama anaponyonya shingo ikiwa imenyooka, kwa maziwa yenye joto la mwili. Akinyweshwa kwa ndoo iliyo chini sana, au kwa maziwa ya baridi, mengine huangukia kwenye rumeni na kuoza humo. Chupa yenye chuchu, ikishikwa kwa kimo cha kiwele, ni bora.

Wapo wanaoyaongezea maziwa ya ndama sukari au uji wa mahindi ili maziwa mengi zaidi yauzwe. Ninaelewa sababu, kwa kuwa kila lita ni fedha ya kaya, lakini utumbo wa ndama hauna kimeng'enya cha kuvunja sukari ya mezani, na uwezo wake wa kumeng'enya wanga katika wiki za kwanza ni mdogo sana. Vyote viwili huishia kuwa chakula cha bakteria utumboni, na matokeo yake ni kuhara.

Rumeni hukua kwa kutumiwa. Bakteria huingia kutoka kwenye mate ya mama, matandiko na chakula, wakaanza kuchachusha chochote wanachokikuta. Chakula cha nafaka chenye mashudu ya alizeti, kikiwekwa kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza au ya pili, huchachuka na kutoa asidi ya butiriki na ya propioniki, na asidi hizo ndizo zinazochochea ukuta wa rumeni kuota vijinyama vya kunyonya lishe, vile vinavyolifanya tumbo la ng'ombe buchani lionekane kama taulo. Majani peke yake huitanua rumeni na kuimarisha misuli yake, lakini huotesha vijinyama hivyo kidogo sana. Ndama aliyejazwa mabua mapema hupata tumbo kubwa lenye ukuta usioweza kunyonya, na hilo ndilo umbo tunaloletewa kila kiangazi. Maji safi nayo ni lazima, kwa kuwa maziwa hupita pembeni kwenye mfereji na wale bakteria hawawezi kufanya kazi pakavu.

Kwa ng'ombe mzima rumeni huchukua karibu asilimia 80 ya tumbo na hubeba zaidi ya lita 100. Hakuna ng'ombe anayetengeneza mwenyewe kimeng'enya cha kuvunja selulosi. Bakteria, protozoa na kuvu humfanyia kazi hiyo, naye hupata takriban asilimia 70 ya nguvu zake kutokana na asidi wanazotoa. Uchachushaji huo pia huzalisha joto, faida ambayo ndama wa wiki ya kwanza hana. Ndiyo sababu huko Makete na uwanda wa Kitulo, ambako usiku wa Juni na Julai huleta sakitu, yaani umande ulioganda, ndama mchanga anahitaji matandiko makavu na maziwa zaidi ya yule wa Kyela kwenye joto.

Kumwachisha maziwa kusitegemee umri peke yake. Apimwe chakula: akiweza kula kilo 1 ya chakula cha nafaka kwa siku, kwa siku 3 mfululizo, rumeni iko tayari, na kwa ndama wengi hilo hutokea kati ya wiki ya 8 na ya 12. Maziwa yapunguzwe kwa muda wa wiki moja, na majani tembo au Guatemala yaliyokatwakatwa yaongezwe taratibu huku chakula cha nafaka kikiendelea hadi afikishe miezi 6.