Mustang ya Zamani: Injini Haitakufilisi, Kutu Ndiyo

Kila baridi ikiisha na mvua ikishaosha chumvi ya barabarani hapa Columbus, Ohio, simu ya gereji huanza kuita. Ni watu walionunua Ford Mustang ya 1965 au 1966 wakati wa theluji, wengine kwa kutazama picha tu. Swali la kwanza ni la injini: inavuta? Inakula oili? Mimi huchukua chupa ya maji na kuelekea kwenye kioo cha mbele.

Chini ya kioo hicho, nyuma ya boneti, kuna matundu ya kuingizia hewa ndani ya gari. Yanaingia kwenye mfereji wa bati uliofunikwa, na ndani ya mfereji kuna mashimo mawili, moja kila upande, yenye kingo zilizoinuka ili maji ya mvua yapite pembeni na kutokea nyuma ya fenda. Majani makavu na vumbi hujaa kuzunguka kingo hizo, yanashika unyevu mwaka hadi mwaka, na bati linaoza mahali pasipofikiwa na jicho. Namimina maji taratibu upande wa dereva, kisha wa abiria, huku mwenye gari ameinama na tochi chini ya dashibodi. Mara nyingi tochi haina kazi, matone yanamwangukia mkononi.

Upande wa abiria una mtego wake, kwa sababu rejeta ndogo ya hita iko hukohuko. Watu wengi wameibadilisha mara mbili kwa kuona zulia limelowa, kumbe ni mvua. Gusa maji hayo kwa kidole. Kulanti, maji ya kupozea injini, huteleza na ina harufu tamutamu, maji ya mvua hayana lolote.

Kutengeneza mfereji huo ndiko kunakotoa watu jasho. Bati la juu na la chini yameunganishwa kiwandani kwa alama za kuchomelea, na lazima utoboe moja moja mpaka la juu litoke. Kabla ya hapo boneti imetoka, fenda zimetoka, na mara nyingi kioo cha mbele nacho kimetoka. Mabati mapya yanapatikana kwa dola mia kadhaa. Kazi yenyewe, pamoja na kurudisha rangi, mimi siikubali chini ya dola 3,000, na nikikuta sakafu nayo imekwenda, hesabu inapanda. Mustang haina chasisi ya kujitegemea kama pikapu, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Sakafu na mihimili ya chini ikioza, gari zima linalegea. Ile isiyo na paa ndiyo mbaya zaidi: inyanyue kwa jeki, kisha jaribu kufunga mlango. Ukigoma, usinunue. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari la miaka sitini hainifurahishi hata kidogo, naanza kujiuliza kuna pati kiasi gani, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, chini yake.

Sasa injini. V8, yaani ya silinda nane, ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, ni chuma kitupu, haina kompyuta wala sensa, na vipuri vyake vimejaa kila mahali kwa sababu Ford walitengeneza Mustang zaidi ya 600,000 kwa modeli ya 1966 peke yake. Pointi na kondensa, vinavyowezesha cheche za plagi, havifiki dola 40, na ukiwa na fila geji (kipimo cha pengo) ya inchi 0.017 unaviweka mwenyewe. Gari likianza kuwa na misi, yaani silinda kuruka bila kuwaka, anzia hapo kabla hujagusa kabureta. Seti ya vipuri vya kufufua kabureta ya Autolite ni kama dola 50. Oili kuvuja kwenye gasketi za juu na kwenye sili ya nyuma ya krenki, ambayo kiwandani ilikuwa ya kamba, ni jambo la kawaida. Weka kadibodi chini ya gari, pima oili kila wiki, na usifungue injini nzima kwa ajili ya matone mawili matatu.

Lakini kuna sehemu moja ya injini hii ambayo sitaki mzaha nayo. Gia kubwa ya taimingi cheni, ile ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu), ilitoka kiwandani ikiwa ya aluminiamu yenye meno yaliyovikwa nailoni, ili isipige kelele. Nailoni ikizeeka inakauka na kukatika vipande vipande, vinaanguka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kwenda kuziba wavu wa pampu ya oili. Nimefungua sampu nikakuta makombo ya rangi ya kahawia yamejaa kwenye wavu, na mwenye gari hakuwa amesikia mlio wowote. Kama hakuna risiti inayoonyesha gia imebadilishwa kuwa ya chuma, chukulia bado. Seti mpya ni chini ya dola 100, ukiongeza kazi ya siku moja. Ukiisubiri ikatike, utanunua injini.

Oili nayo si yoyote tu. Tapeti za injini hii, visukuma valvu, ni bapa, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, na kinachozilinda ni kiambata cha zinki na fosforasi. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa kiambata hicho ili zisiharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi. Nunua oili iliyoandikwa kwamba ni ya injini za tapeti bapa, hata kama bei yake inauma. Wengine huniuliza pia kuhusu petroli yenye risasi (madini ya lead), ambayo zamani ilizilinda siti za valvu na iliyopigwa marufuku kwa magari ya barabarani Marekani tangu 1 Januari 1996. Kwa gari linalotembea Jumapili bila kukimbizwa wala kuvuta mzigo, sioni haja ya kuhangaika. Siku silinda hedi zikifunguliwa kwa sababu nyingine, weka siti ngumu za valvu, yaishe.

Kinachosumbua zaidi ni ethanoli. Petroli ya hapa kwa kawaida ina hadi asilimia 10, nayo inakula mipira ya zamani na kuvuta unyevu gari likikaa miezi ya baridi. Badilisha mipira yote ya mafuta mara tu unapolinunua, ni dola chache, na mpira unaovuja juu ya injini ya moto unaweza kuliteketeza gari. Chungulia tangi pia. Kwenye Mustang hizi sehemu ya juu ya tangi ndiyo sakafu ya buti, kwa hiyo tangi lenye kutu linakuwekea petroli karibu kabisa na begi lako la nguo.

Breki ndizo ninazozilazimisha. Hadi modeli ya 1966 master silinda, pampu kuu ya breki, ilikuwa na chumba kimoja kwa magurudumu yote manne: bomba moja likipasuka, pedali inazama hadi chini na huna kitu. Kuanzia 1967 Ford waliweka ya vyumba viwili. Naibadilisha kwenye kila gari linalobaki kwangu, vipuri vikiwa kama dola 200. Diski za mbele ni hiari yako, ingawa dramu nne zikilowa gari linaweza kuvuta upande mmoja utakapokanyaga. Kuchemsha kwenye foleni mara nyingi ni rejeta ya injini, ambayo ni ndogo, kuwa imeziba, si mkosi. Na ukiwa na pawa stelingi ya wakati ule, zoea kuona valvu yake ikidondosha oili.

Kwa gari ambalo bodi yake ni nzima, naambia watu watenge dola 1,000 hadi 1,500 kwa mwaka, bima kando. Bima iwe ya thamani mliyokubaliana mapema, la sivyo ukigongwa utalipwa kama mwenye gari kuukuu. Gereji nyingi hutoza dola 100 hadi 150 kwa saa, kwa hiyo kila unachoweza kufanya mwenyewe kinabaki mfukoni. Walioko Nairobi wanaoniuliza kuhusu kusafirisha moja nyumbani, anzeni na kanuni za Kenya za kuzuia magari yaliyozidi miaka 8 na yenye usukani wa kushoto kabla ya kuuliza bei ya meli.

Kabla ya kulipa, soma namba ya gari ya kiwandani (VIN), si ya kibao. Kwa 1965 na 1966 herufi ya tano inataja injini: T ni silinda sita, C na A ni V8 289 za kawaida, K ni ile ya nguvu farasi 271, ambayo bei yake ni ya mbali. Kisha hesabu nati za gurudumu: silinda sita zilitoka na nne, V8 na tano. Ukikuta V8 imekalia nati nne, mtu alipachika injini akaacha breki, springi na difu za gari dogo. Mwulize muuzaji, kisha msikilize anavyojibu.