Kabla ya Filta ya Koni, Rudisha Thamostati

Swali ni lile lile kila wiki: "Fundi, IST yangu ni nzito na inakunywa mafuta, nifunge filta ya hewa ya koni au nipanue egzosi?" Ukiuliza iko wapi thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: "Ilitolewa zamani, si unajua joto la Dar." Basi koni tuiache kwanza.

Injini ya IST hiyo, 1NZ-FE, ni ya cc 1,497 na iliundwa kubana mafuta. Ikiwa mpya ilitoa nguvu farasi kama 109 kwenye mizunguko 6,000. Koni iliyofungwa wazi chini ya boneti itavuta hewa ya moto na kukupa kelele. Wa kutafutwa ni farasi waliopotea, na wengi wamepotelea kwenye maji ya kupoza injini.

Thamostati yake huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imenyanyuka angalau milimita 8.5. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini ndiyo kwanza inaamka, kompyuta inaongeza petroli, oili inachafuka mapema, na gia otomatiki inachelewa kufunga lokapu, yaani kuunganisha injini na gia moja kwa moja bila kuteleza. Uzito unaoulalamikia ndio huo. Joto la Dar la nyuzi 32 halina habari na injini inayotaka 80.

"Lakini tangu itolewe haichemshi!" Hapa ndipo ninapochoka. Thamostati hii ina valvu mbili: kubwa ya kufungulia maji ya rejeta, na ndogo inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupozwa. Gari lisilopata moto alfajiri ndilo hilo hilo linaloweza kuchemsha likipanda mlima Kitonga na mzigo. Lililokuwa likichemsha mwanzo lilikuwa na rejeta iliyoziba, feni iliyokufa, mfuniko wa rejeta usioshika presha, au gasketi ya silinda hedi imeondoka. Vyote hivyo bado vipo.

Hata thamostati mpya ichemshe kwanza kwenye sufuria yenye kipimajoto. Feki ni nyingi. Funga na mpira wake mpya, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu. Jaza kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, si maji ya bomba. Hita iwe kwenye moto, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, uache ingurume mpaka hozi ya chini ya rejeta ipate moto na mapovu yaishe. Kisha endesha dakika 15 mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikiwa imechomekwa: usomaji wa joto ukae kati ya 80 na 95.

Mengine haraka. Ncha za plagi ziachane milimita 1.1, plagi za iridiamu hudumu zaidi, haziongezi nguvu. Sensa ya hewa ipulizwe dawa yake, waya usiguswe. Nyanyua magurudumu uyazungushe kwa mkono, breki inayoshika hula nguvu kimya kimya. Kusafisha throto, mlango wa hewa ya injini, nakiri, mara nyingi kunatuliza mngurumo gari likiwa limesimama tu, na bado tunatoza.

Kinachosahaulika ni nafasi za valvu, injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi milimita 0.25 hadi 0.35. Hakuna shimu, vile visahani vya kurekebishia nafasi, unabadilisha kikombe chenyewe kinachokaa juu ya valvu kwa kipimo, ndiyo maana mafundi wanaikwepa. Ukimaliza hapo na bado unataka koni, njoo nayo.