Mchezaji Hodari Naye Huugua Sonona

"Mwenye pumzi ya dakika tisini hawezi kuugua sonona." Utaisikia kauli hiyo jukwaani Uwanja wa Jamhuri na kwenye viwanja vya vumbi vya Dodoma. Si kweli. Sonona ni ugonjwa wa akili, huzuni nzito isiyoondoka upesi. Mazoezi huisaidia akili, ila hayaikingi kabisa. Robert Enke alikuwa kipa wa timu ya taifa ya Ujerumani, akitibiwa sonona kwa siri, alipojiua Novemba 2009 akiwa na miaka 32.

Wengine hudhani ugonjwa ukijulikana tu, mchezo umekwisha. Muogeleaji wa Marekani Michael Phelps amesimulia kwamba baada ya Olimpiki ya London ya 2012 alifika mahali hakutaka tena kuishi. Alitibiwa, na Rio 2016 akaondoka na dhahabu 5.

"Goti likipona, naye kapona." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kijana katoka Kondoa au Mpwapwa kutafuta timu mjini, na watu wanamjua kwa mpira tu. Siku anayoumia vibaya, au mkataba usipoongezwa, hukosa kwa mpigo posho, kitanda cha kambini, wenzake wa kila siku, na la kuwajibu nyumbani wanaosubiri fedha. Majeraha, kuachwa na timu na kustaafu ni vipindi vya hatari, na ndipo simu za kumjulia hali hupungua. Utamwona hapati usingizi, amekonda, anakunywa kuliko zamani, anagawa jezi na viatu vyake, anasema amekuwa mzigo. Jamani, huko si kudeka.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua unampa wazo." Hapana. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, na mara nyingi humpa nafuu. Mvute pembeni: "Mdogo wangu, umekuwa ukifikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari vilivyo karibu naye, mwende hospitali pamoja. Anayesema atajiua aaminiwe, hata kama alishasema hivyo jana.

Kuhusu Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, naomba mashabiki wenzangu mnielewe. Kumpigia kelele "mpelekeni Mirembe!" aliyekosa penalti kunamfundisha mgonjwa kuiogopa hospitali. Hospitali hiyo iko hapahapa Dodoma mjini, na hupokea pia wagonjwa wa nje wanaotibiwa wakarudi nyumbani. Kuna wanaoogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, sheria ya makosa ya jinai nchini Tanzania, huhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kumwambia daktari kwamba una mawazo hayo si kosa.