Kilele Kimoja Si Kitu Kimoja

Hapa Mafinga msimu wa pareto haupiti bila mtu kuniwekea kromatogramu mezani, yaani mchoro wa vilele unaotoka kwenye mashine inayotenganisha kemikali, na kunitangazia kwamba pirethrini yake, ile sumu ya wadudu itokayo kwenye maua ya pareto, ni safi, kwa kuwa karatasi inaonyesha kilele kimoja tu. Nimechoka kulijibu jambo hili nikiwa nimesimama mlangoni mwa maabara, kwa hiyo naliandika.

Ditekta ya urujuanimno haijui majina. Hupima mwanga unaomezwa na chochote kinachopita mbele yake, na vitu viwili vikitoka kwa pamoja kwenye kolamu, bomba linalotenganisha kemikali, huchora kilele kimoja. Abiria wawili wakishuka pamoja Makambako, hakuna anayewaita ndugu kwa sababu hiyo.

Pareto haimfai kabisa mpimaji mwenye haraka. Tunachokiita pirethrini kwa ujumla ni kemikali sita za jamii ya esta: pirethrini, sinerini na jasmolini, kila moja ikiwa na I na II. Kwenye kolamu ya C18, ambayo hushikilia zaidi vitu visivyopenda maji, ukisukuma kwa kiyeyusho cha asetonitrili na maji, kundi la II hutangulia na kundi la I hufuata, na kuyatenga makundi hayo mawili ni kazi nyepesi. Taabu imo ndani ya kundi lenyewe. Pirethrini I na jasmolini I zinapishana kwa atomu mbili tu za hidrojeni, na ukizidisha asetonitrili ili umalize kazi kabla ya chai, zote hutoka zimebanana ndani ya kile kilele chembamba unachojivunia.

Hapo ndipo huambiwa kwamba ditekta ya safu ya diodi, inayopima rangi nyingi za mwanga kwa mara moja, imekwisha kuthibitisha usafi, kwani wigo wa mwanga unaomezwa mwanzoni mwa kilele unalingana na wa mwishoni. Kipimo hicho hukamata mgeni mwenye wigo tofauti, basi. Sinerini I na jasmolini I zinatofautiana kwa kaboni moja na hidrojeni zake mbili, tena mbali na sehemu zinazomeza mwanga, hivyo wigo wake ni karibu uleule, na programu itakuandikia kwa rangi ya kijani kwamba kilele ni safi. Spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, ingezitambua kwa uzito huo, 316 na 330, ila si kila maabara ina uwezo wa kuinunua.

Asiye nayo abadilishe masharti: methanoli badala ya asetonitrili, mteremko (kuongeza kiyeyusho hatua kwa hatua) wa polepole zaidi, au kolamu ya aina nyingine. Kilele kikipasuka, mjadala umekwisha. Kisipopasuka, kilichothibitishwa ni kwamba hakikupasuka kwa njia hizo, na zaidi ya hapo hata mimi siapi.

Vitabu pia hupita haraka kwenye bega la kilele, yaani uvimbe wa kilele kidogo kilichoungana na kikubwa ubavuni. Wengine hulikata kwa mstari wa wima, wengine kwa mstari wa mshazari, na majibu hutofautiana. Mimi hutumia wa wima, na sababu yangu kubwa ni kwamba nimeutumia siku zote, jambo ambalo silioni kuwa hoja ya kisayansi.

Anayetaka nimsomee matokeo aje na kromatogramu mbili za viyeyusho viwili tofauti, pamoja na za sampuli ya rejea (ile inayojulikana ina nini) zilizopimwa siku hiyohiyo. Baridi ya Julai, kolamu ikiwa haina oveni, huchelewesha kila kilele, na rejea ya mwezi Februari haitanisaidia kitu.