Kichupa na maana ya wimbo: picha inavyotuamulia tunachosikia

Chukua mstari mmoja wa kubuni: "Ameondoka, na chumba kimebaki kikubwa." Usikie redioni, uko jikoni unachambua mchele. Aliyeondoka ni nani? Maneno hayasemi. Anaweza kuwa mke, mume, mama aliyefariki, binti aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, hata mwenzako mliyekuwa mkichangia kodi. Kila msikilizaji atamweka mtu wake. Sasa uone mstari uleule kwenye kichupa, yaani video ya wimbo: msichana mwenye wigi refu anaburuta sanduku kuelekea getini, nje inamsubiri Range Rover nyeusi, na msanii amekaa kwenye ngazi ameshika tama. Kwisha. Aliyeondoka ni msichana, ameondoka kwa sababu ya pesa, na mwenye kosa ni yeye. Maneno hayakusema lolote kati ya hayo matatu.

Hiyo ndiyo athari ya video kwenye tafsiri ya wimbo. Wimbo una mashairi, sauti, mdundo na namna ya kuimba, na vyote hivyo huacha nafasi. Video inakuja kuijaza. Kati ya maana tano zilizowezekana inabeba moja na kuifanya ionekane ndiyo pekee, au inaleta ya sita ambayo haikuwemo kabisa. Mtazamaji hahisi kwamba ameamuliwa. Anahisi ameelewa.

Nyimbo za Kiswahili ziko wazi sana kwa jambo hili. "Yeye", "mpenzi", "laazizi", "amenitenda": hakuna hata kimoja kinachotaja mwanamume au mwanamke. Kijana akiimba "mpenzi", bibi wa miaka 60 anaweza kuuimba wimbo huohuo kumlilia marehemu mumewe bila kubadilisha hata silabi. Tena tuna mazoea ya zamani ya kuimba mapenzi tukimaanisha siasa, au kuimba mnyama tukimaanisha mtu wa mtaa wa pili, na wasikilizaji wetu wanajua kufuata huko. Kamera haijui kuficha namna hiyo. Ikilenga, lazima imwonyeshe mtu fulani, mwenye umri, jinsia, nguo na hadhi.

Taarabu inaonyesha vizuri kinachopotea. Ukumbini mwimbaji anaimba jambo la jumla, tuseme choyo cha jirani. Mama mmoja anainuka na noti mkononi kwenda kutuza. Anacheza taratibu, lakini hapiti njia ya mkato: anazunguka hadi mbele ya meza ya mtu fulani, anasubiri ubeti ukolee, anainua kidole juu, ndipo anaendelea na safari yake ya jukwaani. Ukumbi mzima umeshaelewa nani kapashwa. Wiki inayofuata ubeti uleule utampiga mtu mwingine, safari hii kwa deni la mchezo wa upatu. Maana inatengenezwa papo hapo na aliyetuza, na mtunzi anaweza kula kiapo kwamba hakumtaja mtu. Sasa wimbo huo upigiwe video: wanawake wawili wamevaa madera, mmoja kamchukulia mwenzake mume, wanarushiana macho dirishani. Fumbo limefumbuliwa mbele ya kila mtu, na yule mwenye kesi ya deni hana tena wimbo. Kwa maoni yangu hakuna muziki wetu uliodhulumiwa na picha kama taarabu, ingawa wenye bendi wanaweza kunijibu, na kwa haki, kwamba bila video wengi wasingewajua.

Isidhaniwe kwamba picha ilianza kuingia kwenye nyimbo na MTV, iliyofunguliwa Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Pwani ilikuwa na yake. Sinema za Kihindi zilijaza majumba kama Majestic ya Unguja na Empire ya Dar es Salaam, na waimbaji wakachukua tuni zake wakazitilia mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Aliyeiona sinema alisikia mambo mawili kwa pamoja: mashairi ya Mombasa masikioni, na akilini mwigizaji wa Bombay analia chini ya mti. Asiyeiona alisikia mashairi tu. Watu wawili wamekaa safu moja, wanasikiliza nyimbo mbili.

Kwa nini jicho linashinda kirahisi hivyo? Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio aliyofanya kwa kutumia mashindano ya muziki wa klasiki. Washiriki walipewa vipande vifupi vya waliofika fainali na kuombwa wabashiri nani alishinda. Wengine walipewa sauti peke yake, wengine picha isiyo na sauti, wengine vyote viwili. Wengi walisema kabla kwamba katika kuhukumu muziki, sauti ndiyo ya maana zaidi. Waliobashiri vizuri kuliko wote ni wale walioangalia picha kimya, na hali ikawa hivyohivyo hata kwa wanamuziki wa kitaalamu. Yale yalikuwa mashindano, na tafsiri ya mashairi ni jambo jingine, lakini somo linafaa: mtu hajui ni kiasi gani anasikiliza kwa macho.

Mfaransa Michel Chion, aliyeandika sana kuhusu sauti na picha kwenye sinema, alieleza upande mwingine. Sauti na tukio vikigonga kwa wakati mmoja, akili inaviunganisha bila kutuomba ruhusa. Ngoma ikilia "du!" sekunde ileile mlango unapobamizwa, utaapa kwamba ngoma ile ina hasira. Kisha kumbukumbu inamalizia kazi. Wimbo ukipigwa kwenye daladala miezi sita baadaye, mlango unabamizwa tena kichwani, na hakuna aliyeugusa.

Kwa hilo sijaona mfano ulio wazi kuliko This Is America ya Mmarekani Childish Gambino, iliyotoka Mei 2018, video ikiongozwa na Hiro Murai. Ukiusikiliza wimbo bila picha, unaanza na kwaya nyepesi na gitaa laini, maneno ni ya kutaka starehe na pesa. Kwenye video Gambino yuko kifua wazi ndani ya ghala kubwa, anacheza akimsogelea mpiga gitaa aliyekaa kwenye kiti, ambaye sasa amefunikwa kichwa kwa mfuko. Anatoa bastola, anampiga risasi ya kisogoni. Risasi inalia palepale gitaa linapokatika na besi nzito kuingia. Tangu hapo besi ile ni risasi, hutaweza kuisikia vinginevyo. Bastola inapokewa kwa kitambaa chekundu na kushikwa kama kitu cha thamani, huku maiti inaburutwa kama gunia. Baadaye kwaya nzima inamiminiwa risasi katikati ya wimbo. Na wakati wote huo mbele kuna vijana wenye sare za shule wanacheza kwa furaha, hivi kwamba mtazamaji wa mara ya kwanza anaangalia miguu yao na kukosa vurugu zilizo nyuma. Wimbo uleule wa starehe umegeuka kuwa shutuma dhidi ya nchi inayocheza huku watu wake weusi wanauawa. Mashairi peke yake yanadokeza hayo kwa mbali. Video ndiyo iliyoyasema.

Andrew Goodwin, aliyeandika kuhusu video za muziki mwaka 1992, aligawa mahusiano ya picha na wimbo mara tatu: picha inayoonyesha kile maneno yanachosema, picha inayokikuza na kukiongezea, na picha inayokwenda njia yake bila kujali maneno. Ya kwanza haina mengi. Msanii anaimba mvua, mvua inanyesha. Anaimba machozi, tone linashuka. Ya pili ndiyo ya Gambino. Ya tatu ndiyo tuliyonayo kwa wingi, na inastahili kutazamwa kwa makini.

Msanii anaimba kwamba hana kitu, amelala njaa, binti amemkataa kwa ukapuku wake. Pembeni yake kuna gari la kukodi la mamilioni, nyuma bwawa la kuogelea. Watazamaji wengine hucheka. Lakini wengi hufanya kazi ya kupatanisha wao wenyewe, bila kuambiwa: basi hapa anasimulia alikotoka, sasa mambo yamemnyookea. Kilio kimekuwa tambo. Yule binti aliyemkataa sasa anasutwa, wakati maneno yalikuwa yanambembeleza. Mtunzi huenda hakukusudia hivyo hata kidogo. Kichupa kina majukumu yake mengine: kimshawishi mhariri wa kituo cha televisheni, kionyeshe kwamba msanii "yuko levo", kimridhishe mfadhili. Chupa ya kinywaji ipo kitandani kwa sababu kampuni imelipa ionekane. Mtazamaji haoni mkataba. Anaona chupa kitandani, anahitimisha kwamba jamaa ameachwa kwa sababu ya ulevi.

Wakati mwingine picha inaubeba wimbo hadi mahali ambapo maneno yasingefika. Mwaka 2022 Diamond Platnumz na Zuchu walitoa Mtasubiri, wimbo wa wapenzi wawili wanaowajibu wanaosubiri waachane. Ni tambo la mapenzi, mada ambayo Bongo Fleva haiishi kuiimba. Video ikaweka kipande cha kanisani, kikionyesha watu walio kwenye ibada kisha wakaondoka kwenda kwenye mambo yao. BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, ikakilalamikia, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikavielekeza vituo vya utangazaji viache kurusha video hiyo. Kesi yote ilikuwa juu ya picha. Katika mabishano ya wiki zile wimbo ukajadiliwa kama tusi kwa imani au uonevu kwa msanii, kulingana na nani anaongea, na wanaoombea wapenzi waachane, ambao ndio hasa walioimbiwa, wakasahauliwa. Kipande cha sekunde chache kilibadilisha wimbo unahusu nini.

Mfuatano nao una uzito wake. Zamani wimbo ulizunguka redioni miezi kabla hujauona, kama uliuona kabisa. Vituo kama EATV viliposhika kasi miaka ya 2000, audio na video vikaanza kukimbizana, na leo YouTube imefanya watu wengi wakutane na wimbo na picha yake kwa mara ya kwanza dakika ileile. Anayeanza na audio ana muda wa kujenga picha yake mwenyewe, ndiyo maana yeye ndiye utakayemsikia akisema kichupa kimemharibia wimbo. Anayeanza na video hana cha kuharibiwa. Wasanii wanaotanguliza video ya maneno, mashairi yakipita kwenye kioo bila waigizaji, huenda wanafanya hivyo kwa kubana bajeti, lakini matokeo yake ni kwamba wimbo unapumua kwanza. Mimi ningependa video hizo zizidi.

Sasa kuna tabaka la tatu, na hili si la msanii wala la dairekta. Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode ilitoka Afrika Kusini mwishoni mwa 2019. Maneno yake ya Kizulu ni dua: Yerusalemu ni makao yangu, nilinde, tembea nami, usiniache hapa, mahali pangu si hapa. Mtu angeweza kuuimba kwenye mkesha wa msiba. Februari 2020 kundi la wachezaji la Fenómenos do Semba la Luanda likajirekodi likiucheza, wakiwa na sahani za chakula mkononi, wanakula huku miguu inakwenda kwa pamoja. Corona ikatufungia ndani, na video ile ikaigwa na wauguzi, polisi, mapadri na watawa, kuanzia Afrika hadi Ulaya. Kwa mamilioni ya watu wasiojua Kizulu, Jerusalema ni wimbo wa furaha ya kucheza pamoja, na ukiwaambia ni ombi la kutoachwa hapa duniani watakushangaa. Video rasmi haikuwa na nafasi kubwa katika hilo. Waliouamua ni watu wenye sahani.

TikTok imelifanya hilo kuwa jambo la kila siku. Dairekta anaweza kulipwa mamilioni ili aonyeshe wimbo unahusu nini, na wiki mbili baadaye mtu wa Mbagala mwenye simu na sekunde 15 akaamua vingine: anakata mstari mmoja, anauwekea kichekesho cha mwenye nyumba anayedai kodi, na mstari huo hautarudi tena kwenye mapenzi. Nyimbo nyingi, singeli hasa, zinatafsiriwa hivyo sasa, kipande kwa kipande. Wapo wasanii wanaoingia studio wakiwa tayari wamechagua ni mstari gani watauacha wazi ili watu waje kuuvisha picha zao.