Jamii ya mfano: mfano kwa nani?

Mjadala wowote kuhusu ubaguzi dhidi ya Waasia nchini Marekani hauendi mbali kabla mtu hajadakia kwamba Waasia hawana la kulalamikia, kwani wao ni jamii ya mfano. Anayemjibu, mara nyingi Mwasia mwenyewe, hulipokea neno hilohilo na kulivaa kama nishani: sisi tumesoma, tumefanya kazi usiku na mchana, hatukumwomba mtu. Siku hizi wamo pia wahamiaji wa Kiafrika, madaktari na wahandisi waliokwenda huko na shahada zao mkononi, wanaodai kwamba sasa zamu ya kuitwa hivyo ni yao. Nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na wabishani wote hukosea pahali pamoja.

Maana yenyewe ni fupi. Jamii ya mfano ni kundi la wachache ambalo mafanikio yake, ya kweli au yaliyokuzwa, hutajwa kuwa ushahidi kwamba nchi haimzuii mtu, na kwamba kundi jingine lililobaki nyuma limejitakia. Basi. Nusu ya kwanza kila mtu anaijua. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayorukwa. Mzazi akimsifia mtoto wa jirani wakati wa chakula, wanawe waliokaa pale wanajua fika maneno yale yanamlenga nani, na mtoto wa jirani mwenyewe huenda asiambulie hata tonge.

Sasa tuangalie dhana hii ilitoka wapi, maana hapo ndipo ubishi wote unapoishia.

Januari 1966, jarida la Jumapili la gazeti la New York Times lilichapisha makala ya William Petersen, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kichwa cha makala kiliahidi hadithi ya mafanikio kwa mtindo wa Wamarekani wenye asili ya Japani. Petersen hakuficha dhuluma waliyotendewa watu hao, aliieleza waziwazi. Ila aliieleza ili afike kwenye hoja yake: kwamba pamoja na mateso yote hayo walikuwa wamepanda kielimu na kimaisha, tofauti na zile alizoziita jamii zenye matatizo. Msomaji wa Marekani wa mwaka ule hakuhitaji kutajiwa jina ili ajue wanaosemwa ni akina nani.

Desemba ya mwaka huohuo, gazeti la kila wiki la U.S. News & World Report likaleta makala yake, safari hii kuhusu Wachina. Hili halikupindapinda maneno. Lilisema kwamba wakati inapendekezwa serikali itumie mamia ya mabilioni ya dola kuwainua Weusi na wachache wengine, Wachina 300,000 wa nchi ile wanasonga mbele wenyewe, bila kusaidiwa na yeyote. Isome sentensi hiyo polepole. Inaanza na bajeti ya serikali, inapita kwa Weusi, ndipo inawafikia Wachina. Mchina ametajwa humo kama hoja ya kodi.

Na tazama kalenda. Machi 1965 wanaharakati wa haki za kiraia walipigwa na polisi kwenye daraja la mji wa Selma, Alabama. Agosti, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya haki ya kupiga kura, na siku chache baadaye mtaa wa Watts mjini Los Angeles ukawaka moto. Watu 34 walikufa. Nchi nzima ilikuwa ikiulizana Weusi wanadai nini na nani atalipa. Katika muda usiofika miezi sita tangu Watts, makala ya Petersen ilikuwa mikononi mwa wasomaji. Sisemi wahariri walikaa chumbani wakapanga njama. Nasema swali lilikuwa tayari mezani, na Waasia waliletwa kuwa jibu bila kuulizwa kama wanataka kuwa jibu.

Hao walioletwa, kumbuka, ndio waliokuwa balaa kabla ya kuwa mfano. Katika miaka ya 1870 Denis Kearney, kiongozi wa chama cha wafanyakazi huko California, alikuwa na kaulimbiu moja tu kwenye majukwaa yake: Wachina lazima waondoke. Mwaka 1882 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na ilipofutwa mwaka 1943 Wachina walipewa nafasi 105 tu kwa mwaka. Mwaka 1905 gazeti la San Francisco Chronicle liliendesha kampeni dhidi ya Wajapani. Mwaka uliofuata bodi ya shule ya mji huo ikaamuru watoto wao wakasome kwenye shule ya peke yao. Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyowang'oa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi na kuwafungia kambini. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa kuzaliwa. Miaka 24 tu baadaye, watu walewale walikuwa kwenye jarida la Jumapili wakipewa pongezi kwa uvumilivu.

Kwa hiyo mtu anayedhani kuwa mfano ni kinyume cha kubaguliwa anapaswa kueleza kilichobadilika ni kitu gani hasa. Aliyekuwa akipanga nani mwema na nani mbaya hakubadilika.

Kuna pia suala la mafanikio yenyewe, nami nitalipitia haraka kwa sababu limeandikwa sana. Sheria ya uhamiaji ya Oktoba 1965 iliondoa migao ya kitaifa iliyokuwa ikiwafungia Waasia nje, ikawapa kipaumbele wenye ndugu nchini na wenye ujuzi. Wengi waliofuata kutoka India, Taiwan, Korea na Ufilipino walikuwa madaktari, wauguzi na wahandisi kabla hawajapanda ndege. Ukichuja watu mlangoni kwa vyeti, usishangae kukuta wenye vyeti ndani. Na si wote walipitia mlango huo: Wahmong wa Laos, Wakambodia na Waburma walifika wengi wao kama wakimbizi. Taasisi ya utafiti ya Pew iligundua kwamba mwaka 2016 Waasia wa Marekani walio kwenye asilimia 10 ya juu ya kipato walipata mara 10.7 ya walio kwenye asilimia 10 ya chini, pengo kubwa kuliko la kundi lingine lolote kubwa nchini humo. Wastani unaopamba magazeti umemmeza mtu wa chini.

Kinachoniudhi zaidi ni dhana kwamba Waasia wenyewe walikubali sifa hii wakanyamaza. Wamebishana juu yake tangu kabla haijapata jina.

Chukua Wajapani wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Pale Los Angeles kulikuwa na gazeti lao, Rafu Shimpo, lililoanzishwa mwaka 1903. Mchapishaji wake alikamatwa, na kabla gazeti halijafungwa mwaka 1942 mwanawe alizificha herufi za mtambo wa kuchapia, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, chini ya mbao za sakafu ya ofisi. Zilikuwapo bado waliporudi kutoka kambini, na Januari 1946 gazeti likatoka tena. Wakati huo wote jumuiya ilikuwa imegawanyika. Jumuiya ya Raia wa Marekani wenye Asili ya Japani, JACL kwa kifupi, iliwahimiza watu watii, waende kambini kwa utulivu, na vijana wajiunge na jeshi ili wathibitishe uzalendo wao. Katika kambi ya Heart Mountain, Wyoming, vijana 63 walikataa kwenda jeshini hadi haki zao za uraia zirudishwe, wakahukumiwa kifungo mwaka 1944. Mhariri mmoja huko Denver, James Omura wa gazeti la Rocky Shimpo, aliwaunga mkono kwenye tahariri zake. Serikali ikamshtaki kwa kula njama. Mahakama ilimwachia huru, ila watu wake mwenyewe walimtenga kwa miaka mingi. JACL iliwaomba radhi hadharani wale waliokataa jeshi mwaka 2002.

Sasa ruka hadi Machi 2020. Mpiga picha wa Washington Post alipiga picha ya karatasi ya hotuba ya Rais Donald Trump: neno "Corona" limekatwa kwa kalamu nene nyeusi, na juu yake limeandikwa kwa mkono "Chinese", yaani virusi vya Kichina. Hakuna aliyeteleza ulimi hapo. Mtu alishika kalamu. Wiki zilezile Waasia walikuwa wakitemewa mate mitaani na kwenye treni, na Aprili mosi Andrew Yang, aliyekuwa ametoka kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, akaandika katika gazeti hilohilo la Washington Post akiwashauri Waasia wenzake waonyeshe Umarekani wao kuliko wakati wowote: wajitolee, wachangie vifaa, wavae rangi za bendera. Akatoa mfano wa Wajapani waliojiunga na jeshi wakati wa vita kuu.

Waasia wengi walimjia juu. Hawakuchukizwa na kujitolea. Wauguzi wa Kifilipino walikuwa tayari wodini. Walichouliza ni kwa nini anayetemewa mate ndiye apewe kazi ya kuthibitisha kwamba hastahili. Na waliokumbuka Heart Mountain walijua kwamba mfano aliouchagua Yang ulikuwa na upande wa pili. Sharti hilo la kuthibitisha kila mara ndilo moyo wa dhana ya jamii ya mfano: sifa unayopewa ina masharti, na aliyeitoa anaweza kuichukua asubuhi yoyote.

Vincent Chin hakupewa nafasi ya kuthibitisha chochote. Juni 1982, katika eneo la Detroit, viwanda vya magari vikipunguza wafanyakazi na wanasiasa wakiilaumu Japani, alipigwa kwa rungu la besiboli na wanaume wawili Weupe, mmoja wao msimamizi wa kiwanda cha Chrysler, kwa ghadhabu ya ajira zilizopotea. Alifariki siku nne baadaye. Alikuwa Mchina. Alikuwa na ajira nzuri ya kuchora michoro ya kihandisi, alikuwa karibu kuoa, kila kisanduku cha jamii ya mfano alikuwa amekijaza. Wauaji walipewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela na faini ya dola 3,000 kila mmoja. Jaji alieleza kwamba hao si watu wa kupelekwa jela.

Ubishi wa ndani haujaisha wala hauelekei upande mmoja. Mwaka 2016 Peter Liang, polisi wa New York mwenye asili ya China, alipopatikana na hatia ya kumuua Akai Gurley, kijana Mweusi asiye na silaha, kwenye ngazi zenye giza za jengo la Brooklyn, maelfu ya Wachina waliandamana katika miji mingi. Walisema ametolewa kafara, kwa kuwa polisi Weupe katika kesi kama hizo hawakuguswa. Wachina wengine walisimama na familia ya Gurley, wakasema jawabu la upendeleo haliwezi kuwa kudai nasi tupendelewe. Miezi michache baadaye vijana wa Kiasia waliandika kwa pamoja barua ya wazi kwa wazazi wao, ikatafsiriwa kwa lugha nyingi, wakieleza kwa nini maisha ya Weusi yanawahusu. Kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, kuhusu kuzingatia asili ya mwombaji katika kuwapokea wanafunzi, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Juni 2023, iliwagawa tena: wapo waliosema watoto wao walikuwa wakipunguziwa alama za haiba, na wapo waliosema wanatumiwa kama ngazi na mtu mwingine, kama mwaka 1966. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na la kweli, na hilo ndilo linaloifanya kesi ile kuwa ngumu kuliko wanavyoisimulia wengi.

Basi ukitaka kusema kwamba Wahindi wa Marekani wana kipato kikubwa, sema hivyo, maana ni kweli na haina matusi. Ukitaka kusema Wakorea wa Los Angeles wamejenga biashara kwa jasho, sema. Na kwa ndugu zangu wahamiaji wa Kiafrika mnaolitaka jina hili: shahada zenu mnaweza kuzitaja bila hilo. "Jamii ya mfano" liacheni kwa pale ambapo mtu anawataja watu fulani ili wengine wasikie. Na mkilikuta gazetini au mdomoni mwa mwanasiasa, tafuteni kwanza ni kundi gani jingine limetajwa kwenye aya hiyohiyo.