TZ, TZA, TAN au EAT: uandike ipi?

Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe anayeanza kuuza nje hukuta nchi yake imefupishwa kwa namna kadhaa, na wengi hudhani zote ni sawa. Si sawa. Kila kifupisho kina kazi yake, nasi tunaofundisha nyaraka za mizigo hapa Mbeya tunalisisitiza hili kwa sababu herufi moja ikikosewa inaweza kuchelewesha malipo au mzigo.

TZ na TZA vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango namba 3166 kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1974. TZ ndiyo unayoiona mwishoni mwa anwani za tovuti zetu. TZA iko kwenye pasipoti: tazama ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine.

Ukiongeza S ya shilingi kwenye TZ unapata TZS, na hapo tunazungumzia pesa. Kwa anayefanya biashara Tunduma au Kasumulu, kuandika "kwacha" pekee kwenye ankara ni hatari, maana Zambia wana kwacha na Malawi wana kwacha. Ya Malawi ni MWK. Ya Zambia ilikuwa ZMK hadi mwaka 2013, ilipopunguzwa sifuri tatu ikawa ZMW. Kwacha 1,000 za zamani ni kwacha 1 ya sasa. Ukikuta ZMK kwenye karatasi ya leo, uliza kabla ya kusaini.

Inayochanganya kuliko zote ni EAT. Ni alama ya kimataifa ya magari ya Tanzania Bara, na imetoka enzi za ukoloni: EA ni Afrika Mashariki, T ni Tanganyika. Kenya ni EAK, Uganda EAU, Zanzibar EAZ. Mwaka 1964 nchi ikapata jina jipya, alama ya gari ikabaki ileile. Lakini kwenye ratiba, EAT ni saa za Afrika Mashariki. Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, wanafuata CAT, saa za Afrika ya Kati: kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Dereva aliyeahidiwa kupakia "10:00 CAT" ajue kwake ni saa tano.

TAN ni ya michezo, Olimpiki na FIFA. Ndiyo waliyoibeba Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipopata medali za fedha Moscow mwaka 1980. Kwenye nyaraka za forodha haina nafasi.

Fomu ikiwa na visanduku viwili vya nchi, jaza TZ. Vikiwa vitatu, TZA. Kwenye boksi la matunda lenyewe, andika Tanzania kwa kirefu. Mnunuzi wa mbali anapaswa kulisoma jina hilo lote.